Hata Sindano Isibaki

Kuku wa mama walikuwa wameshataga ndani ya mashua. Mayai manne, mbele kabisa, palepale ambapo Lukumani aliniambia nitakuwa naketi siku tukifika ziwani. Niliyaokota moja moja nikayaweka kwenye upindo wa kitenge, na kuku jike akanikazia macho, utadhani mimi ndiye mwizi.

"Toka hapa," nikamwambia. "Hii si nyumba yako. Mwenyewe anakuja."

Na kweli mwenyewe alikuwa anakuja. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa ya mchana, na Lukumani alikuwa ametuma neno kwamba atafika kuchukua chombo chake. Kesho yake asubuhi kamiyo ya Kahindo, lori lake la mizigo, ilikuwa inaondoka Kasongo kwenda Kabambare, halafu Lulimba, halafu Fizi. Ilikuwa kamiyo ya kwanza tangu mvua zikate barabara. Kahindo alikuwa amekubali kufunga remoriki, lile tela la kubebea mashua, nyuma ya kamiyo yake mpaka Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, ambako Mado, dada yake Lukumani, alikuwa ameshamtafutia chumba. Lukumani angetangulia afanye kazi. Wakati wa Noeli angerudi kumalizia doti, mahari yangu, na mimi ningetoka kwetu kwa vigelegele, mke wa mtu.

Ndivyo tulivyopanga sisi wawili. Lakini mipango ya wapenzi nayo ni mipango? Mtu anapanga huku ameshikwa mkono na kuangaliwa machoni. Akili itakuwa wapi hapo?

Acha nieleze hiyo mashua, maana watu wa mtaa wetu wameisema mengi. Iliachwa na mzungu mmoja wa mradi wa samaki. Aliileta juu ya remoriki yake yenye magurudumu mawili akitaka kuitembeza mtoni kule Nyangwe, na Lukumani, mtoto wa wavuvi wa Nyangwe, ndiye alikuwa akimshikia kamba. Lakini Lualaba haina upepo wa kuaminika. Jumapili tatu tu, mzungu akachoka, kazi yake ikaisha, akaiacha kwenye hangari ya Papa Christophe, muuza simenti hapa Kasongo. Ikakaa humo miaka minane. Watu waliiita mutumbwi ya plastiki. Baba yangu yeye aliiita beseni.

Siku ya kuinunua tulikwenda wote wawili. Mwezi wa nne huo. Papa Christophe alipofunua bashi, lile turubai la juu, vumbi lilinipalia nikakohoa, lakini Lukumani hakukohoa. Alisimama tu. Nimeshaona mwanaume akimtazama mwanamke, na Mungu anisamehe, niliona wivu juu ya kitu kisicho na damu.

Hakuuliza bei. Alivua viatu akaizunguka, akawa anaigonga kwa vifundo vya vidole na sikio amelilaza ubavuni, toka mbele mpaka nyuma.

"Uko nasikia nini?" nikamwuliza.

"Ikilia kavu, mwili iko muzima. Ikilia nzito, maji iliingia ndani." Akagonga tena, chini, karibu na tumbo. "Hapa iko mugonjwa. Na hapa. Pahali pengine pazima."

Akaingia ndani, akavuta ule ubao unaoteremshwa majini katikati ya chombo ili upepo usikisukume kwa ubavu. Uligoma. Akainama kwenye remoriki: pine za mipira zimeliwa, gurudumu la kushoto limeshikwa na kutu, linazunguka kwa shida. Mlingoti ulikuwa vipande viwili vya aluminiamu, mzima. Mimi nikafungua matanga, moja kubwa na moja dogo, nikayainua kwenye mwanga. Yalikuwa na matundu kama chujio.

"Papa Christophe!" nikasema. "Humu panya wamefanya harusi na wameshazaa. Uko unatuuzia mashua ao unatuuzia panya?"

"We mutoto wa kike," akacheka, "kwani ni wewe unanunua?"

"Ni mimi nitashona. Mimi ndiye najua hii kitambaa itanila siku ngapi."

Alitaka dola mia nane. Tulikubaliana mia tano, na juu yake mimi kumshonea mkewe vitenge viwili na libaya zake, blauzi za kuvaa juu. Lukumani alikuwa ameshauza mitumbwi yake miwili na mota, vyote, kwa ajili ya siku ile. Tuliposukuma remoriki nje, ikilia kwa kutu, alinishika kiuno mbele ya watu, yeye ambaye ni mtu wa haya.

"Feza, umeona petroli inavyotuua. Mutu anapakia samaki, faida yote inaingia kwenye kidumu. Ziwani kule upepo inakuja kila siku, asubuhi inatoka huku, jioni inatoka huku. Hakuna mutu anauza upepo. Nitabeba watu, nitabeba unga, nitabeba samaki. Na weye utaketi hapa mbele."

"Nikitapika je?"

"Utatapikia inje. Ziwa ni kubwa."

Nilicheka siku ile mpaka nikashika mbavu. Kicheko kile nakikumbuka mpaka leo.

Nilishona wiki tatu, usiku natoa macho, mchana nafungua duka langu la kushona kama kawaida. Tanga kubwa nililimaliza kwanza. Lile dogo lilinisumbua, maana lilikuwa limeoza pindoni, ikabidi nilivishe upya. Lukumani alikuwa akija kuniangalia.

"Hii kadogo ya nini?" nilimwuliza mara moja. "Si ile kubwa inatosha?"

"Inatosha kwenda. Lakini kupanda kinyume ya upepo, kugeuka, ni hii kadogo. Bila hii, mashua inakuwa kama mutu wa muguu mumoja. Atafika, lakini atateseka."

Kabla sijalimaliza lile dogo, ikaja ile mvua.

Alikuwa anaipeleka mashua kwa fundi wa magurudumu. Mvua ya mwisho ya mwezi wa tano ilimkuta njiani mbele ya kwetu, mvua ya kubomoa nyumba, na lile gurudumu la kushoto likafa kabisa. Nilikuwa barazani. Nilimwona ameinama pale barabarani, maji yanamtiririka mgongoni, anaisukuma peke yake kwa bega na haiendi. Nikakimbia nikafungua mlango mkubwa wa lupango yetu, ua wa nyumba, mbao zote mbili, nikaita: "Ingiza! Ingiza humu!"

Akaingiza. Baba alikuwa dirishani. Alitabasamu tu, na mimi nililiona lile tabasamu.

* * *

Alifika saa tisa na nusu, amevaa shati jeupe, mkononi ana pine mpya mbili. Baba yangu, Octave, alikuwa ameketi barazani na baba mdogo Grégoire, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Mama aliketi pembeni kwenye mkeka, anachambua maharagwe. Nilipowaona wamekaa vile, na Grégoire amevaa koti mchana wa jua, nikayateremsha mayai chini polepole.

"Hodi, papa. Hodi, mama."

"Karibu, mukwe. Keti."

"Aksanti, papa, lakini niko na haraka kidogo. Kamiyo ya kesho. Nimekuja nibadilishe pine, nitoe kile kitu changu."

"Kitu chako?" Baba akamgeukia Grégoire. "Amesema kitu chake?"

Grégoire alikohoa. Ni mtu mpole, hana ubaya, lakini akivaa lile koti anakuwa mwingine.

"Lukumani, mutoto wetu, keti kwanza. Mwezi wa kumi na mbili ulikuja hapa kubisha mulango, kumuposa Feza. Tulikufungulia. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Doti haiyaisha."

"Haiyaisha, baba. Noeli nitaimaliza."

"Bon. Sasa sikia. Kwetu, tangu siku mutu amebisha mpaka siku doti inaisha, kitu yoyote mukwe anaingiza kwa mukono wake ndani ya lupango, kimeshakuwa cha nyumba. Mbuzi, kinga ya magurudumu mbili, kitambaa, hatuchagui. Hakitoki. Mukwe akikitoa, amerudisha neno la kuoa. Hatukugombeshi, hatukupigi. Lakini mulango ambao umerudishiwa neno, haubishwi mara ya pili."

Lukumani alitazama mashua, akanitazama mimi, akarudi kumtazama Grégoire. Nilimwona anatafuta utani usoni kwa mzee, asiupate.

"Baba mudogo, ile ilikuwa mvua."

"Mvua haikusukuma. Ni wewe ulisukuma."

"Lakini kwetu Nyangwe, mugeni akifika, mutumbwi wake unavutwa mpaka mulangoni kwa wakwe! Kuuacha mutoni ndiyo matusi. Mi nilijua naheshimu."

"Nyangwe ni Nyangwe," akasema baba. "Hapa ni kwa Octave."

"Papa, nitaleta mbuzi badala. Wawili. Watatu."

"Nimekuomba mbuzi?"

"Sasa papa, utafanya nini na mashua hapa? Maji iko wapi?"

"Kuku wameshapata kazi yake."

Mama alidondosha maharagwe. Hakuyaokota. Na mimi, ambaye nimelelewa kunyamaza wanaume wakisema, nikasikia mdomo wangu umefunguka.

"Baba, hiyo beseni huitaki. Sema unachotaka."

"Feza!" mama akanionya.

"Muache aseme," akasema baba. Baba yangu ananiita Mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya ukali, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mama, unamukumbuka shangazi yako Yvette? Hapana, humukumbuki, ulikuwa bado mugongoni. Alitoka hapa na mume, wakaenda Fizi, kule kule ziwani. Alisema atarudi Noeli. Mama yangu alikufa anauliza, Yvette amefika? Tukamwambia yuko njiani. Miaka ishirini na tano yuko njiani. Hatujui kaburi yake, hatujui watoto wake. Mimi sina kazi na beseni. Mimi sitaki mutu wa pili wa nyumba hii amezwe na barabara ile." Akamgeukia Lukumani. "Bakia Nyangwe, uvue samaki kama baba yako, na doti yako nitapunguza nusu. Beseni ikae hapa. Ama utoe beseni yako, uende salama. Sikuchukii."

Kama angekuwa mkorofi ningempigia kelele. Lakini macho ya baba yangu yalikuwa yamejaa maji, na baba anayelia anakushinda bila fimbo.

"Nipe nafasi niseme na Feza," akasema Lukumani.

"Semeni hapo tunapowaona."

* * *

Tulisimama upande wa pili wa mashua, mimi na yeye, mkono wangu juu ya ubavu wake wa plastiki uliokuwa umeshika joto la jua. Nilitamani kumshika, lakini macho ya watu watatu yalikuwa barazani.

"Naiacha," akasema.

"Nini?"

"Mashua. Naiacha hapa. Narudi Nyangwe. Nitatafuta mutumbwi wa kukodi, nianze tena pole pole. Kitu ni weye, Feza. Plastiki haiko na kitu."

Hayo ndiyo maneno ambayo kila msichana wa Kasongo angetaka kuambiwa, na mimi niliambiwa. Na nilipomtazama usoni wakati anayasema, niliona kwamba ni kweli anayasema, na niliona pia yatakayofuata: Lukumani na kasia la kukodi, samaki wa watu, kila Jumapili anakuja kwetu kula, anapita hapa, anaiona mashua yake imejaa mavi ya kuku. Miaka mitano. Kumi. Hangesema kitu, maana ni mtu wa haya. Angenitazama tu.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Basi panda twende wote. Kesho. Kahindo atakuweka kwa kabini, na pale Kabambare..."

"Niende bila doti? Watamurudisha mama kijijini kwao, Wamaza. Watasema ni yeye alinifundisha. Na Emmanuella mudogo wangu, nani atamuoa?"

"Sasa nifanye je? Nifanye je, Feza? Mutu hawezi kushindwa namna hii kwa sababu ya mvua!"

Hapo nikajua siwezi kuendelea kumwacha aituhumu mvua.

"Haikuwa mvua," nikasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile desturi. Nilijua tangu utoto. Mukwe mumoja wa kwetu aliacha kinga yake barazani siku moja tu, ikabakia mpaka leo, baba mudogo ndiye anaiendesha. Nilikuona pale barabarani, nikafungua mulango, na nilijua. Nilisema moyoni, akiingiza, hatakwenda mbele ya doti kuisha. Nilisema watamuomba mbuzi moja ya ziada, atanuna, atatoa, itaisha. Sikujua baba ataifanya kamba. Nilikuwa naogopa ile ziwa, Lukumani. Naogopa ungekwenda, Noeli ipite, na nyingine ipite. Ni hofu ya baba yangu, ile ile, iko kwangu."

Alikuwa anagonga ubavu wa mashua kwa kifundo cha kidole, bila kujua kwamba anagonga.

"Ulinifunga," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa na wewe njia moja, na wewe ulikuwa unanifunga muguu kwa nyuma."

"Ndiyo."

"Na ukawa unashona kila siku. Unanicheka, unanipa chai."

"Ndiyo. Nitukane."

"Siwezi kukutukana." Sauti ilimkatika. "Laiti ningeweza."

"Basi toa mashua yako kesho asubuhi. Mimi ndiye nasema. Usiseme ni weye ulinikataa. Sema moyoni ni Feza alisema utoe. Ukiiacha hapa utanichukia, na mimi kuchukiwa na weye katika nyumba moja sitaweza. Afazali unichukie ukiwa mbali."

Alitaka kusema kitu. Kutoka barazani baba mdogo Grégoire akakohoa kile kikohozi chake cha koti, na Lukumani akarudi nyuma hatua moja, akaenda kuwaambia wazee kwamba kesho saa kumi na mbili atakuja na fundi wa pine.

"Kwa hiyo umerudisha neno," akasema Grégoire.

"Nimerudisha, baba mudogo."

"Basi ujue. Kesho tutahesabu. Vyote vilivyoingia vitoke vyote, hata sindano isibaki. Kikibaki hata kimoja cha kwako humu ndani, neno halijarudi, bado liko ndani ya nyumba, na mimi siwezi kusimama mbele ya ukoo na kusema mulango umefungwa. Desturi haitaki nusu."

Nilikuwa nimesimama karibu na chumba changu cha kushonea. Nilisikia kila neno.

* * *

Asubuhi ukungu ulikuwa chini. Fundi alivisha pine mpya, akapaka grisi gurudumu la kushoto mpaka likakubali kuzunguka, akalipwa, akaenda zake upesi, maana hakuna anayependa kushika shughuli kama ile. Grégoire alisimama mlangoni na koti lake. Baba hakutoka. Nilimwona tu kupitia dirisha, ameketi ametupa mgongo.

Lukumani alikuwa hajalala. Wala mimi. Hatukusalimiana.

"Taja," akasema Grégoire.

"Mashua yenyewe, na remoriki."

"Iko."

"Mulingoti, vipande mbili."

"Viko."

"Usukani. Ubao wa kati. Kamba kubwa tatu, kamba ndogo tano. Kopo ya kukumba maji. Bashi."

"Viko. Na vitambaa vya upepo?"

Mimi ndiye niliyekuwa na vitambaa. Nilikuwa nimevikunja tangu alfajiri, nimevitia kwenye gunia moja na kulifunga kamba. Nilitembea mpaka pale nikamkabidhi. Alilipokea gunia kwa mikono miwili. Akalipima uzito, kidogo tu, kama fundi wa mbao anavyopima ubao. Nikaona vidole vyake vinabonyeza, vinatafuta, vinakwenda mpaka pembeni na kurudi.

Alijua. Mtu aliyekuja kila jioni wiki tatu kunitazama nikishona, angekosaje kujua?

Aliniinulia macho. Nimejaribu mara nyingi kusema macho yale yalikuwa na nini. Kulikuwa na hasira, hiyo haikuwa imekwisha. Kulikuwa na usingizi. Na chini kabisa kulikuwa na yeye, yule wa hangari, aliyevua viatu.

"Vyote viko?" Grégoire akauliza. "Angalia vizuri, mutoto. Nitaapa kwa mudomo wako."

Nilifunga macho. Nikasema Mungu wangu, atasema. Ana haki ya kusema. Mashua ya mguu mmoja, na ziwa lenyewe ni lile ambalo sijaliona.

"Vyote viko, baba mudogo," akasema Lukumani. "Hakuna kilichobaki."

"Basi ende."

Akainama akasukuma. Remoriki ilitembea hatua mbili, gurudumu la kushoto likazama kwenye tope lililobaki chini ya bomba la paa. Akasukuma tena kwa bega, kama siku ya mvua, na haikwenda. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua, wanaume wazima, mikono nyuma. Hakuna aliyesogea. Kwetu chombo cha mtu aliyerudisha neno hakishikwi na mtu mwingine, kinaleta mkosi.

Nilijifunga kitenge vizuri.

"Feza, acha!" mama akaita.

Sikuacha. Nilizunguka nyuma, nikaweka mikono yangu miwili karibu na ya kwake. Haikugusana. Niliona tu kucha zake zimejaa grisi.

"Moja," akasema, chini chini. "Mbili."

Tulisukuma. Mlango ule ule nilioufungua mwenyewe tuliupita wote wawili, tukitokwa jasho. Nilipokanyaga barabara nikasimama, kwa sababu hapo ndipo kwetu panapoishia. Yeye akaendelea. Chini kule kamiyo ya Kahindo ilikuwa inaunguruma, watu wakipandisha mifuko juu. Hakugeuka. Nilijiambia nitahesabu mpaka ishirini atageuka. Nikahesabu mpaka sitini, kisha ukungu ukamchukua na mutumbwi yake ya plastiki, na kilichobaki kilikuwa mlio wa lile gurudumu, nao ukaisha.

Grégoire alifunga mlango. Alivua koti, akalikunja mkononi, akarudi kuwa mzee mpole. "Pole, mutoto," akaniambia.

Niliingia chumbani nikaketi kitandani. Nilikaa hapo jua likapanda, nikasikia kamiyo ikishindana na kile kilima cha kutokea mjini, ikakwama, ikalia, ikapita. Ndipo machozi yakaja. Sikulilia kuachwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemfunga tena. Mara ya kwanza kwa mlango, mara ya pili kwa kitambaa, na mara hii aliniruhusu mwenyewe, akaenda kuteseka ziwani na nusu ya upepo ili mimi niwe na kitu cha kushika. Na je, akizama? Ingekuwa mkono wa nani?

Mama aliingia bila kubisha. Alinitazama, halafu akatazama chini, mahali shuka ilipokuwa imeteremka mpaka sakafuni upande mmoja tu.

"Umeweka nini huko chini?"

"Hakuna kitu, mama."

Alipiga magoti, na magoti yake siku hizi yanamuuma. Akavuta. Tanga dogo likatoka, jeupe, na pindo lake jipya la buluu. Alilifunua mapajani akapitisha kidole kwenye mshono, pole pole, mshono wote. Nilingoja aite baba. Angeita jina moja tu, Grégoire angevaa koti tena, mtu angetumwa kwa pikipiki kuifukuza kamiyo kabla haijafika Kabambare, na ingekuwa imekwisha kabisa.

Mama alilikunja mara mbili, halafu mara nne.

"Kitambaa hakiwekwi chini, mutoto wangu," akasema. "Panya."

Akaenda nalo chumbani kwake. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alifungua kile kisanduku cha bati ambamo ameweka vitenge vya doti yake mwenyewe tangu mwaka alioolewa, akavitoa vyote, akalilaza tanga chini kabisa, akavirudisha juu yake kimoja kimoja. Akapiga kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye upindo wa kitenge, upande wa tumbo.

"Osha uso," akaniambia. "Baba yako hajala tangu jana."